MGENI AKIRUDI NA KINYONGO, HASARA NI YA NANI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa wafanyakazi wa mahoteli ya pwani. Twaichapa hapa kwa faida ya wanachama waliokuwa zamu na hawakuweza kufika.)

 Twawashukuru kwa kuitoa siku yenu ya mapumziko, maana twajua kwamba mfanyakazi wa hoteli akipata siku moja ya kukaa na watoto wake, siku hiyo ni mali.

Leo hatukuja kuzungumza habari za mshahara, ingawa tutaufikia kabla ya kuondoka. Tumekuja kuzungumza habari za mgeni, hasa mgeni anayekuja na mke na watoto, akalipa bei kubwa katika hoteli ya fahari ufuoni, kisha akarudi kwake na kinyongo. Huenda mjumbe mmoja akauliza: Sisi chama cha wafanyakazi twahusika nini na manung'uniko ya mtu mwenye fedha za kulala hoteli kubwa? Ndugu, twahusika sana. Kila barua ya malalamiko aiandikayo mgeni huyo hufika kwanza mezani kwa meneja. Kutoka hapo huteremka ngazi, kutoka mkubwa hadi mdogo, mpaka imkute mtu wa mwisho ambaye hana wa kumteremshia. Mtu huyo ni mwanachama wetu.

MGENI HUYU NI NANI

Wazee wetu walioanza kazi katika miaka ya 1970 na 1980 walimjua mgeni wa ndege. Alikuja kwa makundi kutoka Ujerumani, Uingereza, Uswisi na Italia, akashukia Mombasa, akapelekwa kwa basi Diani, Bamburi, Shanzu, Watamu au Malindi. Mgeni huyo angali anakuja. Lakini siku hizi, katika likizo za Agosti na Desemba na wakati wa Pasaka, vyumba vingi hujazwa na wananchi wenzetu kutoka bara. Tangu reli mpya ilipoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, safari ambayo zamani ilikuwa ya usiku kucha sasa hufanywa kwa nusu siku.

Nyingi za familia hizi si za matajiri. Baba ni mwalimu au karani, mama ana duka la nguo au ameajiriwa benki, watoto ni watatu, na pengine nyanya yao amekuja pia ili aione bahari kabla hajafa. Wamechangia chamani kwao mwaka mzima, shilingi kwa shilingi. Watoto wamehesabu siku. Watu kama hawa wakipewa chumba kinachonuka ukungu, hawawezi kusema, "Haidhuru, mwezi ujao tutakwenda kwingine." Hakuna mwezi ujao. Kwao kulikuwa na juma moja tu, na juma hilo limeharibika.

Twataka mjumbe alifahamu jambo hili moyoni, kwa sababu familia hiyo yafanana na yako. Ni watu wa mshahara.

MANUNG'UNIKO YAO

Tumekaa na wafanyakazi wa mapokezi, wa vyumba, wa jikoni na wa bustani, tukawauliza ni maneno gani wanayoyasikia mara kwa mara. Tumeyapanga kwa mafungu matano.

La kwanza ni picha. Katika tangazo mgeni ameonyeshwa chumba kikubwa, kitanda cheupe, dirisha lenye kutazama bahari. Akifika hupewa chumba cha nyuma, karibu na jenereta au mlango wa jikoni. Akiuliza, huambiwa kwamba picha ile ni ya vyumba vya daraja jingine. Tangazo halikusema hivyo, au lilisema kwa herufi ndogo sana. Aliyepiga picha yuko Nairobi au Ulaya. Anayeulizwa ni karani wa mapokezi, ambaye hakuipiga.

La pili ni bahari yenyewe. Jambo hili sisi wa pwani twalijua tangu utoto, lakini mtu wa bara halijui. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kati ya kujaa na kujaa tena hupita kama saa 12 na dakika 25. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji makuu na maji madogo hapa Mombasa hukaribia mita 4. Tena siku hizo za bamvua maji hukauka karibu saa nne au saa tano asubuhi, saa ile ile watoto wamekwisha kunywa chai na wamevaa nguo za kuogelea. Wakifika ufuoni huona mchanga, mawe na majani mpaka kwenye mwamba. Baba humgeukia mlinzi: "Bwana, bahari iko wapi?" Majira mengine pepo huleta mwani mwingi, ukarundikana na kunuka. Hili si kosa la mtu yeyote. Lakini ni kosa kumwuzia mtu juma la kuogelea baharini bila kumwambia habari ya maji kupwa na kujaa, hali jedwali la maji huchapwa kwa mwaka mzima na lingeweza kubandikwa mlangoni.

La tatu ni vitu vibovu. Mashine ya kupoza hewa hunguruma bila kupoza. Maji ya bomba yana chumvi, au huja moto kwa dakika mbili tu. Bwawa la watoto limefungwa kwa matengenezo. Nani asiyejua kwamba hewa ya chumvi hula chuma? Bawaba, kufuli, nyaya na mashine zilizo karibu na bahari huharibika upesi kuliko za bara, na kwa sababu hiyo zahitaji fundi wa kila siku na vipuri stoo. Palipokuwa na mafundi watano wakabaki wawili, matokeo yake mgeni atayaona kabla ya mkaguzi.

La nne ni chakula na foleni. Hoteli nyingi huuza bei moja ya kila kitu, na mgeni huvikwa utepe mkononi. Baba hufikiri amemaliza kulipa. Kisha huambiwa kwamba soda ya chupa haimo, maji ya chupa ya pili hayamo, samaki wa kuchoma ana bei yake, na mtoto wa miaka 12 huhesabiwa kuwa mtu mzima. Kwenye bufe watu mia mbili wanasimama mbele ya mpishi mmoja wa mayai. Watoto hulia njaa mbele ya chakula.

La tano latuuma zaidi. Familia za Kiafrika husema: "Tumelipa sawa na Mzungu, lakini weita ametupita mara tatu kwenda meza yake." Ndugu, mahali lilipo, neno hili ni la aibu. Mfanyakazi anayempita mama wa Kiafrika kwa sababu ya kutazamia bakshishi ya mgeni wa ng'ambo anauza heshima ya watu wake kwa sarafu. Lakini tuseme na upande wa pili: mtu ambaye mshahara wake hautoshi nauli na unga hufundishwa kutazama mifuko ya watu. Mshahara ukiwa wa haki, bakshishi hubaki kuwa asante, nayo macho ya weita huzitazama meza zote sawa.

KWA NINI BEI KUBWA NA HUDUMA NDOGO

Yafaa tuwe waadilifu, hata kwa mwajiri. Bei ya hoteli si faida tupu. Chukua chumba cha shilingi 10,000 kabla ya kodi. Kodi ya VAT ya asilimia 16 ni shilingi 1,600. Ushuru wa utalii wa asilimia 2 ni shilingi 200. Bei imekwisha kuwa 11,800, na bado hatujataja malipo ya huduma. Katika zile 10,000 kuna fungu la wakala aliyemleta mgeni, kuna umeme, kuna dizeli ya jenereta, kuna riba ya benki. Tena mwezi wa Aprili na Mei, masika inaponyesha, vyumba hulala vitupu, na hoteli nyingine hufunga kabisa. Mwenye hoteli hutaka Desemba imlipie Mei. Ndiyo sababu chumba kile kile huwa na bei moja mwezi wa Juni na nyingine kubwa sana siku ya Krismasi.

Hayo twayakubali. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo hatuikubali. Mwajiri anapotaka kupunguza gharama, hawezi kupunguza kodi, wala riba, wala bei ya dizeli. Kalamu yake hukimbilia mstari mmoja tu, nao ni wa wafanyakazi. Tufanye hesabu ya mhudumu wa vyumba. Ana saa 8, yaani dakika 480. Akipewa vyumba 16, kila chumba kina dakika 30. Akipewa vyumba 24, kila chumba kina dakika 20. Katika dakika hizo hutandika vitanda, huosha choo na bafu, hufagia, hupiga deki, hubadilisha taulo, hutoa takataka. Na chumba cha familia kina vitanda vinne na mchanga wa watoto hadi ndani ya shuka. Dakika kumi zilizokatwa pale ndizo mgeni anazoziona kama nywele katika bafu. Meneja husema mhudumu ni mvivu. Sisi twasema hesabu ilikuwa mbovu tangu ofisini.

Tena Desemba huletwa vibarua wapya bila mafunzo. Serikali ilianzisha Chuo cha Utalii Nairobi, kikafunguliwa mwaka 1975, na chuo hicho kilijengwa juu ya fikira kwamba kazi ya hoteli ni ufundi wa kufunzwa. Leo kijana huletwa asubuhi kutoka langoni, huvishwa shati la mtu mwingine, na mchana huhudumia meza sita. Akimwaga supu juu ya mtoto, lawama ni ya nani?

KESI MOJA YA KUKUMBUKA

Msidhani kwamba jambo hili ni la Kenya peke yake. Mwaka 1975 vitabu vya sheria vya Uingereza viliandika kesi ya Bwana Jackson dhidi ya kampuni ya safari iitwayo Horizon Holidays. Bwana Jackson alitaka kumpeleka mkewe na watoto wao mapacha likizo ya majuma manne katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo chaitwa Sri Lanka. Alieleza mapema anavyotaka chumba cha watoto kiungane na cha wazazi. Aliahidiwa hoteli nzuri, na bwawa la kuogelea, na starehe nyingine nyingi. Bei ilikuwa pauni 1,200, fedha nyingi kwa wakati ule.

Walipofika, chumba cha watoto kilikuwa cheusi kwa ukungu, na kuvu imeota ukutani. Choo kilikuwa na madoa. Hawakuweza kuwalaza watoto humo, basi kwa siku tatu wote wanne walilala chumba kimoja, watoto kitanda kimoja, wazazi kitanda kingine kidogo. Bwawa la kuogelea halikuwapo. Walinung'unikia pia chakula kwamba kilikuwa na ladha ya nazi. Hapo sisi watu wa pwani tutacheka kidogo, maana kwetu sifa ya mpishi ni tui. Lakini kuna mafunzo hata katika neno hilo: mgeni aelezwe atakachokula kabla ya kulipa, naye atakula kwa furaha.

Bwana Jackson alishtaki. Akapewa pauni 1,100. Jaji Lord Denning alisema kwamba baba aliyefanya mapatano kwa ajili ya jamaa yake aweza kudai si kwa uchungu wake tu, bali na kwa uchungu wa mke na watoto. Majaji wengine baadaye waliibishia sababu hiyo ya kisheria, lakini fedha zilikwisha kulipwa, na funzo letu halibadiliki. Tazameni aliyeshtakiwa ni nani. Si mpishi, wala mhudumu wa vyumba. Ni kampuni iliyouza ahadi.

Kule Ujerumani, mwaka 1985, mahakama ya Frankfurt ilitoa orodha ya kuongoza hesabu za namna hii. Si sheria ya bunge, lakini mawakili wengi wameifuata. Chumba kilichoahidiwa kutazama bahari kisipoitazama, bei yaweza kupunguzwa asilimia 5 hadi 10. Ufuo mchafu, asilimia 10 hadi 20. Bwawa kukosekana au kuwa chafu, vivyo hivyo. Kelele za usiku, asilimia 10 hadi 40. Wadudu chumbani, asilimia 10 hadi 50. Mgeni wa Kijerumani aliyekaa Diani aweza kurudi kwao akadai fedha hizo kwa kampuni iliyomwuzia safari. Kampuni ikilipa, huikumbuka hoteli wakati wa kupatana bei ya mwaka ujao. Na hoteli ikibanwa bei, twajua kalamu hukimbilia mstari gani.

Hapa kwetu, Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 46 yampa mtumiaji haki ya kupata huduma bora na maelezo ya kweli. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, inayokataza kumwuzia mtu kwa maneno ya uongo. Na kifungu cha 41 cha Katiba hiyo hiyo champa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa haki kazini. Haki ya mgeni na haki ya mfanyakazi zimeandikwa katika kitabu kimoja, na kati yake kuna kurasa chache tu.

MZIGO USIO WETU

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuitishe mkutano huu. Katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini, ambayo hatutaitaja, familia ya watu watano ililipia chumba chenye mashine ya kupoza hewa. Mashine ilikuwa imekufa. Mhudumu wa vyumba alikwisha kuripoti mara tatu kwa mdomo. Baba alikasirika, akadai, akarudishiwa malipo ya siku mbili. Mwisho wa mwezi mhudumu yule, mama wa watoto wanne, alikuta fedha hizo zinaanza kukatwa katika mshahara wake kwa mafungu. Alipouliza, aliambiwa hakuna maandishi yoyote kwamba aliripoti.

Ndugu, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yataja makato ambayo mwajiri aruhusiwa kuyafanya. Aweza kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibiwa au kupotea kwa kusudi la mfanyakazi. Karani anayeshika fedha ana sharti lake kuhusu fedha zinazopungua mkononi mwake. Fedha alizorudishiwa mgeni kwa sababu ya mashine iliyokufa hazimo. Mhudumu hakuiua mashine.

Kifungu cha 41 chasema kwamba mfanyakazi anayetaka kufukuzwa kwa ajili ya mwenendo mbaya au kazi mbovu ni lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na awe na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama pamoja naye, naye asikilizwe. Barua ya mgeni peke yake si hukumu. Na kifungu cha 37 chasema kwamba kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku za kazi zisizopungua mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Kuna watu wanaitwa vibarua hapa pwani tangu watoto wao wakiwa darasa la kwanza, na sasa watoto hao wako sekondari.

Tena tukumbuke historia. Ghasia za Likoni zilipotokea Agosti 1997, wageni walikimbia, na wafanyakazi walipelekwa nyumbani. Bomu la Kikambala la tarehe 28 Novemba 2002, fujo za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, maonyo ya safari ya mwaka 2014, ugonjwa wa korona mwaka 2020: kila mara aliyetoka wa kwanza ni mfanyakazi, na aliyerudishwa wa mwisho ni yeye. Mambo hayo hatukuwa na uwezo nayo. Lakini kinyongo cha mgeni nacho hufukuza watu, ila hakitoi kishindo. Bomu hulia siku moja, magazeti yakaandika. Familia iliyokasirika husimulia jirani, jirani akasimulia kanisani na msikitini, na mwaka ujao vyumba kumi vimebaki vitupu, hakuna ajuaye kwa nini. Kisha twaitwa ofisini, twaambiwa biashara ni mbaya.

TUFANYE NINI

Halmashauri yatoa mashauri haya, nayo twataka yajadiliwe katika kila idara.

Kwanza, andika. Chombo kikiharibika, kiandikwe katika daftari la idara: siku, saa, namba ya chumba, jina la aliyepokea habari. Ripoti ya mdomo hupeperuka. Kama hakuna daftari, nunueni la shilingi chache, mjumbe wa idara alitunze. Laiti mama yule angekuwa na mistari mitatu ya kalamu, makato yasingeanza.

Pili, usimdanganye mgeni ili kumwokoa meneja. Usiseme fundi yuko njiani hali wajua hayupo. Mwambie kwa upole: "Mama, nimeandika, nitakupeleka kwa mkubwa wa zamu mwenyewe." Mgeni huchukia kuchezewa kuliko anavyochukia joto.

Tatu, mweleze mgeni habari za bahari. Sisi ndio wenye bahari. Ombeni jedwali la maji libandikwe mapokezi, na mtunza ufuo awaambie watoto saa ya kuogelea na saa ya kutembea kwenye mwamba wakiwa na viatu. Maji yakiwa makavu mtoto aweza kuona kaa na samaki wadogo vidimbwini akafurahi asubuhi nzima. Jambo hili halina gharama.

Nne, usitie sahihi karatasi ya kukubali kosa kabla ya kumwita mjumbe. Wengi wametia sahihi kwa woga, kisha wakaja ofisini kwetu na karatasi iliyokwisha wafunga mikono.

Tano, malipo ya huduma. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 yatambua malipo ya huduma yanayochukua mahali pa bakshishi: yasipozidi asilimia 10 ya bei, na yakigawiwa moja kwa moja kwa wafanyakazi kwa mapatano ya maandishi, hayaingizwi katika hesabu ya kodi hiyo. Kwa hiyo mgeni anapoona neno hilo katika hesabu yake, hudhani fedha zimekwenda kwa weita na kwa dobi. Kila tawi liulize: Mapatano hayo ya maandishi yako wapi? Nani huhesabu? Mpishi na mwosha vyombo, ambao mgeni hawaoni, wapata fungu gani? Fedha zikigawiwa hadharani, na familia ya Kiafrika ikajulikana kuwa imelipa kama wengine, ile aibu tuliyoitaja itapungua.

Sita, katika mapatano yajayo na waajiri twataka iandikwe idadi ya vyumba kwa mhudumu mmoja, na chumba cha familia kihesabiwe zaidi ya kimoja. Twataka vibarua wa Desemba wafunzwe siku kadhaa kwa malipo kabla ya kuwekwa mbele ya wageni. Na twataka malalamiko ya wageni yasomwe kila mwezi katika kamati ya pamoja ya wafanyakazi na wakubwa, ili ijulikane lipi ni la mtu, lipi la mashine, na lipi la tangazo.

Mwajiri mwenye akili atayapokea mashauri haya, maana yanalinda mali yake. Asiyetaka, tutakutana naye mbele ya afisa wa kazi, na tukishindwa hapo, mahakamani. Daftari zetu zitakuwa zimejaa.

Kuhusu mama tuliyemtaja: barua ya chama imekwisha kupelekwa, ikiomba makato yasimame na yaliyokatwa yarudishwe. Wahudumu wawili wa zamu yake wamekubali kuandika waliyoyasikia. Twawaomba wajumbe wa hoteli nyingine wenye makato ya namna hii walete stakabadhi za mshahara ofisini kabla ya mwisho wa mwezi, kwani kesi moja hujibiwa kwa barua, lakini kesi ishirini hujibiwa kwa kikao.

Tusichelewe. Desemba iko njiani, na watoto wa bara wanahesabu siku. Sasa Mwenyekiti atapokea maswali.